Goti Lililofichwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, mama akiwa jikoni, Nukta alimtazama baba yake akishuka ngazi kinyumenyume. Alishika chuma cha ngazi kwa mikono miwili, akatanguliza mguu wa kushoto, kisha akauvuta wa kulia kama mtu anayeburuta gunia. Akifika chini alijifuta jasho, akajinyoosha, akatoka nje akitembea kama mtu asiye na neno. Majirani waliona mchezaji wa mpira wa kikapu ambaye kichwa chake kilikaribia kugusa dari. Nukta aliona mwongo.

Baba ndiye aliyempa jina hilo la Nukta, kwa sababu alizaliwa mdogo mno. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na udogo ulikuwa umebaki kwenye kimo tu. Hasira zake zilikuwa za mtu mzima.

Baba hakuwa nyota. Hakuna aliyewahi kubandika picha yake ukutani. Alikuwa mchezaji wa kuziba pengo: klabu fulani ya ng'ambo ikipata majeruhi katikati ya msimu, ilimpigia simu, naye akaenda. Msimu ukiisha, alishukuriwa na kusahauliwa. Wenzake walimbandika jina la Begi. Katika miaka minane alikuwa amechezea klabu saba, na Nukta alikuwa amesoma shule tano. Kila mara ilikuwa lugha mpya, kiti cha nyuma kabisa, na watoto wanaonong'ona. Mama, ambaye alikuwa fundi cherehani, aliwaacha wateja wake kila alipoanza kuwazoea. Nyumba waliyokaa ilikuwa mali ya klabu. Hata vijiko havikuwa vyao.

Lakini kilichomchemsha Nukta zaidi ni siri aliyobebeshwa. Miezi mitatu iliyopita alimfumania baba bafuni akifunga barafu kwenye goti la kulia, limevimba kama papai.

"Usimwambie mama yako," baba alisema. "Wala mtu yeyote wa timu. Daktari wao akijua, nakaa benchi. Nikikaa benchi, wiki ijayo wanaleta mwingine, na sisi tunafungasha tena. Unataka kuhama tena?"

"Sitaki."

"Basi kaa kimya, mwanangu."

Nukta akakaa kimya. Mama alipouliza barafu yote ile kwenye friji ilikuwa ya nini, alijibu kwamba baba anapenda maji baridi. Mama akaamini. Hilo ndilo lililomuuma Nukta kuliko yote: mama yake aliamini upesi kiasi kile.

Katika shule hii ya tano, jambo moja lilimwendea vizuri. Kocha wa wasichana, mwanamke mwenye sauti ya kupasua ngoma ya sikio, alimwona akidunda mpira uwanjani, akamwita. Nukta alikuwa mfupi, lakini alipita katikati ya warefu kama maji. Kwa mara ya kwanza wasichana wenzake walimgombania wakati wa chakula. "Kaa hapa, Nukta!" "Hapana, jana alikaa kwenu!"

Jumanne moja mazoezini alitua vibaya. Kifundo cha mguu kikapinda, maumivu yakapanda hadi kiunoni. Mechi ilikuwa Jumamosi. Nukta alitazama huku na huku. Hakuna aliyeona. Akainuka, akauma meno, akaendelea kukimbia.

Nyumbani alifanya yote aliyoyaona. Alijifungia bafuni na barafu. Alifunga bandeji kwa nguvu na kuvaa soksi mbili juu yake. Jumamosi asubuhi alifungua begi la baba, akatoa vidonge viwili vya kutuliza maumivu, akavimeza.

Uwanja ulijaa wazazi. Baba na mama walikaa safu ya pili. Kwa robo mbili za mchezo Nukta hakuhisi kitu. Alipora mpira, akatoa pasi, akafunga mara tatu, na baba akapiga mluzi wa vidole viwili. Robo ya tatu aliruka kudaka mpira, akatua, na kitu kikalia ndani ya mguu wake kama kijiti kikavu kinachovunjika. Akaanguka. Safari hii hakuweza kuinuka.

Kocha na baba walimbeba hadi chumba cha huduma ya kwanza. Kocha alivua soksi ya kwanza, akavua ya pili, akaiona bandeji. Uso wake ukabadilika.

"Hii umeifunga lini?"

"Jumanne."

"Jumanne! Siku nne unanidanganya machoni? Na umemeza nini hata ukaweza kukimbia?"

Nukta alivuta soksi kuufunika mguu. Mama alikuwa mlangoni, mkono mdomoni. Ndipo baba akalipuka.

"Jibu unapoulizwa! Nani amekufundisha upumbavu huu? Nani amekuambia mtu anaficha maumivu na kumeza dawa kama peremende?"

Nukta aliinua kichwa. Machozi yalimtoka, lakini hayakuwa ya mguu.

"Wewe!" alipiga kelele. "Wewe ndiye umenifundisha! Nimemeza vidonge vyako! Nimefunga bandeji kama unavyofunga wewe! Goti lako limevimba miezi mitatu, umeniambia nimdanganye mama, na mimi nikamdanganya!"

Mama alimgeukia mumewe polepole.

"Baba Nukta," alisema, "kunja hiyo suruali."

"Mama Nukta, tuzungumze nyum—"

"Nimesema kunja!"

Akakunja. Mama aliliangalia lile goti kwa muda mrefu. Hakupiga kelele tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nimehama nawe mara saba," alisema, "na sijawahi kukulaumu. Lakini kumfanya mtoto wangu aniongopee, hapana. Hilo sitalimeza."

Hospitalini daktari aliwaonyesha picha: mfupa wa kifundo ulikuwa na ufa. Angepumzika tangu Jumanne, wiki mbili zingetosha. Sasa ilikuwa wiki sita kwenye plasta. Kuhusu vidonge, daktari alikunja uso. "Dawa hizi aliandikiwa mtu mzima mwenye mwili mara tatu ya wako," alimwambia Nukta. "Zingeweza kukutoboa tumbo." Kisha akamtazama baba.

Jumatatu baba alimwomba Nukta waende pamoja klabuni. "Nataka usikie nikisema ukweli," alisema. Nukta alikubali, lakini njia nzima hakumsemesha.

Daktari wa timu alisikiliza, akalipapasa goti, akatupa kalamu mezani. "Miezi mitatu nakuuliza kama uko sawa, unanijibu uko sawa! Gegedu, ule mto wa kati ya mifupa, imesagika. Ungecheza mwezi mmoja zaidi, ungetembea na fimbo maisha yako yote!"

Meneja alikuja, naye akafoka kwa zamu yake. Mwishowe alisema klabu itagharimia upasuaji, kama mkataba unavyosema, lakini mkataba mpya asiutarajie. Baba aliitikia kwa kichwa. Hakubembeleza.

Nyumbani mama ndiye aliyekata shauri. "Safari hii hakuna anayefungasha kitu. Kazi yangu ya kushona inatosha kodi ya nyumba ndogo. Mtoto atamaliza shule yake hapa, na wewe utapona hapa. Ukisikia simu ya klabu ya nane, nipe mimi niipokee."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Wiki sita zikapita, plasta ikatolewa, na Nukta akarudi mazoezini. Baba alikaa pembeni na magongo yake. Baada ya dakika kumi, Kocha akapuliza filimbi.

"Nukta! Mguu unauma?"

Neno "hapana" lilikuwa tayari kwenye ulimi. Jumamosi kulikuwa na mechi, na msichana mwingine alikuwa anaitaka nafasi yake kwa macho yote mawili.

"Ndiyo," alisema. "Kidogo. Hapa."

"Kaa chini. Jumamosi hutacheza."

Nukta alikwenda kukaa karibu na baba yake, amefura, mikono kifuani.

"Umekasirika," baba alisema.

"Sana. Na wewe bado nimekukasirikia."

"Una haki, mwanangu. Niliogopa kupoteza nafasi, nikakubebesha uongo wangu. Mtu mzima hafanyi hivyo kwa mtoto, na akifanya, mtoto asikubali. Mwili ukiuma unakuomba msaada. Umwambie mtu, hata kama utakosa mechi, hata kama mkubwa wako amekukataza. Mechi nilizocheza na lile goti sizikumbuki hata moja. Lakini sura ya mama yako pale mlangoni sitaisahau."

Mpira ulitoka nje ya mstari, ukabingirika hadi miguuni pa Nukta. Akauokota, akawarushia wenzake, kisha akakaa palepale alipoambiwa akae.