Kalavati Lililoandikwa Safi

Kila Ijumaa, kengele ya mwisho ikishalia, wanafunzi sita wa kikundi cha usafi walichukua reki na ndoo, wakashuka hadi kwenye kalavati, lile bomba nene la zege lililopitisha maji ya korongo chini ya barabara ya shule. Kazi yao ilikuwa kutoa taka zilizokusanyika mdomoni mwake, majani, matawi na chupa za plastiki, kisha kuzipandisha hadi kwenye shimo la taka nyuma ya madarasa. Kutoa kulikuwa rahisi. Kupandisha ndiko kulikowatoa jasho.

Kiongozi wao alikuwa msichana wa darasa la sita ambaye hata mama yake alimwita Kiranja. Alikuwa na akili nyepesi, na siku moja aliitumia vibaya. Aligundua kwamba mwalimu wa zamu hukagua akiwa amesimama juu barabarani, kwa sababu hakutaka viatu vyake vipate tope. Kutoka pale aliona mdomo wa bomba tu.

"Sukumeni ndani," Kiranja aliwaambia wenzake, akawapa mti mrefu. "Mvua ikinyesha, maji yatazipeleka yenyewe."

Hakuna aliyebisha. Nani abishe wakati nyumbani mpira unawasubiri? Baada ya dakika kumi mdomo wa bomba ulikuwa wazi. Mwalimu alichungulia, Kiranja akaandika "safi" kwenye daftari la ukaguzi, mwalimu akatia sahihi. Wakafanya hivyo Ijumaa nne.

Jumanne iliyofuata jua liliwaka shuleni, lakini milimani mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Saa nne asubuhi darasa la sita lilisikia mngurumo, wote wakakimbilia madirishani. Korongo kavu lilikuwa limejaa maji ya rangi ya udongo, yakibeba magogo. Yalifika kwenye bomba yakakwama. Barabara ikageuka ukuta, maji yakapanda nyuma yake mpaka yakavuka juu na kuporomoka upande wa pili. Huko yalichimba udongo, lami ikabaki ikining'inia, halafu ikakatika.

Kufikia saa sita maji yalikuwa yamekwisha. Hakuna aliyeumia, ila pale palipokuwa barabara palikuwa na shimo lenye kina cha kuzidi kimo cha watu wawili. Vipande vya bomba vilitawanyika bondeni, na mashamba ya chini yalifunikwa na mchanga.

Kesho yake mhandisi alikuja pamoja na msimamizi wa ujenzi, aliyelilaza bomba lile. Msimamizi huyo alikuwa mjomba wa Kiranja, na aliishi nao nyumbani. Mhandisi aliomba daftari, akalisoma mara mbili.

"Limeandikwa safi Ijumaa nne mfululizo," alimwambia mjomba. "Kama bomba lilikuwa wazi na maji bado yakapita juu, basi wewe ulikosea vipimo. Ijumaa napeleka ripoti. Sidhani kama utaendelea na usimamizi."

Kiranja alikuwa amesimama karibu. Alisikia kila neno.

Jioni mjomba hakula. Alitandaza mchoro wa zamani mezani, akaupima kwa rula, akaandika, akafuta, akapima tena.

"Kaka, si ulipima mwenyewe?" mama aliuliza.

"Nilipima, dada. Lakini daftari linasema lilikuwa safi. Labda kuna mahali nilikosea."

Kama mjomba angekasirika, Kiranja angevumilia. Kumwona akiitilia shaka kazi aliyoifanya sawasawa kulimuuma mno, akaona aibu.

"Mjomba, hukukosea," alisema. "Taka tulizisukuma ndani ya bomba. Mimi ndiye niliyewaambia."

Rula ilitulia mezani. "Mlisukuma kwa kitu gani?"

"Kwa mti. Urefu wake kama hatua sita."

"Yaani hadi katikati kabisa." Mjomba aliukunja mchoro. "Kesho utamweleza mhandisi mwenyewe. Nitakuwapo, lakini sitakusemea."

Alhamisi Kiranja alieleza yote. Mwalimu wa zamu naye alikiri kwamba hakuwahi kushuka. Mhandisi alikwenda bondeni, akafukua vipande viwili vya bomba, akakuta plastiki zimeshindiliwa ndani. Akaichana ripoti yake. Ikaamuliwa kwamba ukaguzi ufanywe kwa kushuka na kumulika ndani kwa tochi, na kwamba mjomba ndiye atakayelaza bomba jipya.

Njiani kurudi nyumbani Kiranja aliuliza, "Mjomba, bado umekasirika?"

"Nimekasirika, na kesho pia nitakuwa nimekasirika," mjomba alijibu. "Lakini fikiria. Ungenyamaza, mhandisi angelifuata daftari lako, angeleta bomba kubwa zaidi, na nyinyi mngelijaza vilevile. Mafuriko mengine yangekuja wakati watoto wanavuka. Ukisema kosa lako, tunajua pa kutengeneza. Ukilificha, tunahangaika kutengeneza mahali ambapo hapakuharibika."