Rangi Aliyoitaka Edwin

Alhamisi, saa tisa alasiri. Nachingwea.

Chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga kilijaa vumbi la unga. Mashine ilinguruma. Edwin alipenda kupanga kazi hapo, maana aliye nje hasikii kitu.

"Kesho, Ruangwa," alisema. "Kituo cha kununulia dhahabu. Walinzi wakienda swala ya Ijumaa, getini anabaki mzee mmoja. Mimi na Isihaka tunaingia na ovaroli za mafundi. Doreen yuko zamu. Sema, Doreen."

Doreen alikuwa mwangalizi wa kompyuta ya milango pale kituoni. Kwenye skrini kila mlango una kisanduku chake, na chini yake maneno madogo.

"Nafungua chumba cha dhahabu kwa jina langu. Halafu natoka kumshughulisha mzee. Kompyuta inabaki na wewe, uangalie mlango wa kutokea."

"Isiniulize neno la siri."

"Haitakuuliza. Nitaipanga iingie yenyewe."

"Na maandishi siyataki. Nani ana muda wa kusoma? Niwekee rangi. Mlango wazi, kijani. Umefungwa, nyekundu."

Isihaka, dereva, akacheka. "Bosi anataka taa za barabarani!"

"Funga bakuli lako."

Doreen hakucheka. Edwin hakujua kusoma, na angeua mtu kabla ya kukiri. Aliyekuwa akimsomea meseji kwa siri ni Nuhu. Nuhu, kaka yake Doreen, mama mmoja baba mbalimbali. Mwaka juzi kazi iliharibika Nanganga, watu wakalikimbiza gari. Edwin akamsukuma Nuhu nje, wapate wa kumshika. Wakampata. Doreen aliutambua mwili wake kwa kiatu.

Edwin hakuwahi kuuliza kama Nuhu alikuwa na dada.

Ijumaa, saa tatu asubuhi. Ruangwa.

Doreen alifungua mipangilio. Rangi ya mlango uliofunguliwa: kijani. Rangi ya mlango uliofungwa: kijani vilevile. Jina ambalo kompyuta ingeingia nalo yenyewe: la mgeni, anayetazama tu, asiyeweza kufungua kitu.

Kikabaki kile kisanduku cha tangazo kinachotokea kabla ya mtu kuingia. Kampuni ilikuwa imeandika onyo humo. Akalifuta. Akaandika lake.

Saa saba na dakika tano mchana.

Walinzi walikuwa msikitini. Edwin alikaa kwenye kiti cha Doreen mbele ya kompyuta, ovaroli ikimbana tumbo. Doreen akafungua chumba cha dhahabu, Isihaka akazama ndani. Kisha Doreen akatoka kwenye jina lake. Tangazo likatokea. Mistari minne, herufi kubwa.

Edwin aliitazama. Akabonyeza kitufe.

"Kijani tupu," alisema. "Safi, dada. Nenda."

Mlango wa kutokea, wa kioo kizito, ukajifunga nyuma ya Doreen.

Saa saba na dakika kumi na moja.

Isihaka alitoka chumba cha dhahabu na sanduku begani, akafika kwenye mlango wa kioo. Akasukuma. Akasukuma tena.

"Bosi, haufunguki."

"Kijani hiyo! Sukuma!"

Isihaka akageukia skrini. "Mbona hapa chini pameandikwa umefungwa?"

Isihaka akatua sanduku, akashika kipanya, akabonyeza kufungua. Ikakataa. Akajitoa kwenye kompyuta, aanze upya. Tangazo likarudi.

Doreen alisimama upande wa pili wa kioo. Sauti ilipita kwenye tundu la kupokelea mizigo. Isihaka hakuwepo Nanganga. Hilo lilimuuma Doreen. Kidogo tu.

Isihaka alisoma polepole: "Edwin. Ulimtupa Nuhu nje ya gari ukafunga mlango. Leo nimefunga mimi. Doreen, dada yake."

Akamgeukia bosi wake. "Lilitokea mbele yako. Ulilibonyeza mwenyewe."

Edwin akaingiza mkono ndani ya ovaroli.

"Hujui kusoma," Isihaka alisema. "Miaka yote hii."

Edwin akachomoa bastola. Hakuielekeza kwenye kioo. Aliielekeza kwa Isihaka.

"Rudia," alisema. "Rudia ulichosema."

Mlio mmoja.

Doreen alitembea hadi getini. Mzee alikuwa amesimama.

"Babu, piga simu polisi. Waambie wawili wako ndani." Akakaa kwenye benchi, akavua beji yenye jina lake. "Na mmoja anawasubiri hapa."