Chupa Iliyokwenda Mbololo

Kila Jumamosi asubuhi, Saadiya ndiye aliyefungua duka la baba yake mjini Voi. Alifagia, akanyunyiza maji mlangoni kutuliza lile vumbi jekundu, kisha akapangusa chupa za dawa za mifugo na mimea, moja baada ya nyingine. Alikuwa darasa la sita tu, lakini hata ungemfumba macho angekuonyesha kila dawa iko rafu gani. Naye alijivunia hilo, tena sana.

Jumamosi moja ya mwaka 1998, baba yake, Mzee Sheikhan, alikuwa ametoka kwenda stesheni kupokea mzigo. Akaingia Nyanya Tryphena, mkulima wa Mbololo, kikapu mkononi.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kupe wananimalizia mbuzi. Nipimie dawa kidogo tu. Mbuzi wanne, chupa nzima ya nini?"

Zamani mambo yalikuwa hivyo. Mteja akitaka kidogo, alipimiwa kwenye chupa tupu ya soda, ikazibwa kwa gunzi la hindi, akaenda zake. Lakini mwaka uliopita Mzee Sheikhan alikuwa amepiga marufuku mtindo huo. Saadiya alijua vizuri. Ila alimwonea nyanya huruma na, tuseme ukweli, alitaka pia kuonekana mtu mzima. Akapima, akaziba kwa gunzi, nyanya akashika njia. Baba aliporudi, Saadiya alinyamaza kimya.

Alasiri, baba akaenda naye kwenye ukumbi wa mji. Wauza dawa wa Voi walikuwa wamealikwa kujifunza kushika sumu kwa usalama. Mkufunzi, Bi Valentine kutoka Nairobi, alikuwa ameleta kompyuta kubwa, kofia nzito yenye miwani nyeusi, na glavu iliyojaa nyaya.

"Nani ataanza kujifunza kwa mtambo huu?" aliuliza. Wazee wazima wakatazamana. Hakuna aliyetaka kufungwa nyaya.

"Mchukueni binti yangu," Mzee Sheikhan akasema. "Yeye hulijua duka kuliko mwenye duka." Watu wakacheka.

Saadiya akavaa kofia. Subhanallah, ukumbi ukatoweka. Alijikuta amesimama ndani ya duka, rafu mbele na rafu nyuma. Akigeuza kichwa, duka linageuka naye. Akitazama juu, anayaona mabati. Picha zilikuwa na pembepembe kama vitu vilivyochongwa kwa panga, lakini zilimzunguka pande zote. Akainua mkono, na mkono wa buluu ukainuka mbele ya macho yake. Akakunja kidole, nao ukakunja chake. Alishikwa na mshangao hata akasahau kupumua.

"Baba, niko ndani," akanong'ona.

"Mteja anataka dawa kidogo," ilisema sauti ya Bi Valentine, kana kwamba inatoka darini. "Fanya ulivyozoea."

Mkono wa buluu ukaenda wenyewe kwenye chupa ya soda. Saadiya akamimina dawa, nayo ilikuwa na rangi ya kahawia, soda kabisa. Mara duka likageuka sebule. Chupa ilikuwa mezani. Akaingia mtoto mdogo, akaikamata, akaipeleka mdomoni.

"Weka chini," Saadiya akasema. Akanyoosha mkono kuichukua, lakini mkono ukapita katikati ya chupa kama moshi. Akajaribu tena, ukapita tena. Mtoto akaanguka bila sauti.

"Usiogope," Bi Valentine akasema. "Hapa tunabonyeza kitufe, tunaanza upya." Na kweli, kufumba na kufumbua duka likarudi, chupa iko rafuni kana kwamba hakuna kilichotokea.

Saadiya alipovua kofia, watu walikuwa wanapiga makofi.  Yeye alikuwa amemkumbuka Noah, mjukuu wa Nyanya Tryphena, wa miaka mitatu, ambaye kila akiletwa dukani hudai soda. Kule Mbololo hakukuwa na kitufe. Lakini akisema, ataaibika mbele ya wauza dawa wote, na baba yake ataaibika naye. Akamgeukia baba yake.

"Baba, asubuhi nilimpimia Nyanya Tryphena dawa ya kupe. Kwenye chupa ya soda."

 Mzee Sheikhan hakumkemea. Alitoa funguo za pikapu mfukoni, wakatoka mbio.

Waliendesha moja kwa moja hadi Mbololo. Walimkuta nyanya zizini, akichanganya maji kwenye ndoo.

"Chupa ya dawa iko wapi, mama?" Mzee Sheikhan akauliza kabla hata ya salamu.

"Si iko pale ndani, mezani. Kuna nini?"

Saadiya alikuwa ameshaingia ndani. Noah alikuwa amepanda kigoda, amekumbatia chupa, anang'oa gunzi kwa meno.

Saadiya akanyoosha mkono, na kwa nukta moja akaogopa kwamba utapita kama moshi. Haukupita. Vidole vyake vilishika kioo, kigumu na baridi. Noah akaangua kilio akidai soda yake. Saadiya naye akalia, tena kumshinda.

Gunzi lilikuwa bado limekaza. Hata hivyo walimwosha Noah mdomo na mikono kwa maji mengi, wakampeleka zahanati, na daktari akathibitisha kwamba hana neno. Saadiya akamwomba nyanya msamaha. Mzee Sheikhan akaichukua ile chupa, akaahidi kumletea ndogo iliyofungwa kiwandani.

Waliporudi dukani, baba alilivuta kreti la chupa tupu lililobaki chini ya kaunta tangu zamani, akalipakia kwenye pikapu.

"Kosa hili ulilirithi kwangu," akasema. "Nilikataza kwa mdomo, na chupa nikaziacha hapa. Ule mtambo ni wa ajabu, mwanangu, nami sijawahi kuona kitu kama kile. Lakini si mtambo uliomwokoa Noah. Aliokolewa kwa sababu ulikubali kuaibika. Siku yoyote ukikosea, sema upesi, wakati mkono bado unafika."