Lenzi Tatu za Mama

Kila asubuhi kabla ya shule, binti alifagia studio ya mama yake, akanyoosha pazia jeupe la picha za pasipoti na kufuta vumbi kwenye lenzi kuukuu kabatini. Wateja walimwita Profesa, maana hakukosa jibu.

Kamera ya mama ilipokufa, Profesa akasoma habari za kamera kwenye simu, kisha akaenda dukani na mjomba wake. Mama alibaki na wateja waliofuata picha zao. Profesa alichagua kamera mpya iliyouzwa bila lenzi. Ndiyo maana bei yake iliwezekana.

"Lenzi za kampuni hii mnazo?" muuzaji aliuliza.

Profesa hakujua, ila aliona haya kusema hivyo. "Tunazo tatu."

"Huyu mpwa wangu ni kompyuta," mjomba alijigamba. Pesa iliyobaki ikanunua begi na stendi ya miguu mitatu.

Nyumbani, mama alijaribu lenzi ya kwanza. Haikuingia. Ya pili, vilevile. Ya tatu hakuilazimisha.

"Hizi ni za kampuni nyingine, mwanangu."

"Labda ukikaza kidogo, mama."

"Nikikaza nitavunja vyote viwili."

Kesho yake yalikuwa mahafali ya chuo, kazi iliyoibeba studio mwaka mzima. Mama alimpigia simu mkuu wa chuo. "Samahani, mwalimu. Tafuteni mpiga picha mwingine." Alisikiliza, akaitikia taratibu, akakata. Jioni hiyo chakula kilipoa mezani.

Baada ya mahafali, mama na binti walirudi dukani. Muuzaji alikubali kuwabadilishia: kamera iliyotumika, ya kampuni ya lenzi zao, pamoja na betri ya akiba na kadi ya kumbukumbu. Begi na stendi alikataa kurudishiwa.

Studioni, lenzi iliingia bila shida. Hapakuwa na mteja wa kupigwa picha.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini sikiliza. Ungemwambia muuzaji hujui, angekuuliza jina lililoandikwa kwenye lenzi, ungenipigia simu nikusomee, yakaisha. Kutojua si kosa. Kosa ni kuficha kwamba hujui."

"Mwakani chuo kitakuita tena?"

Mama aliipangusa lenzi, akaifunika.

"Sijui," alisema.