Aliyevuta Waya

Kabura hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Majirani zake pale Milimani, Kitale, walimjua kama mwanamke anayeua nyoka kwa jembe kisha akaendelea kupalilia sukuma wiki. Ndiyo maana yaliyompata mwaka ule wa tisini na tatu, alipoyasimulia, hakuna aliyethubutu kucheka.

Yalianza Jumamosi moja ya jua zuri, yeye na mumewe Zachary waliposhuka Bungoma kutafuta alamu ya nyumba. Wezi wa siku zile walikuwa wakiingia mchana, na majirani wawili walikuwa wamerudi kutoka kazini wakakuta hata mapazia yamebebwa. Fundi waliyeelekezwa aliitwa Wepukhulu, mwenye kibanda cha redio nyuma ya soko.

"Ziko namna mbili," Wepukhulu aliwaambia, akipanga vidude vyake mezani. "Hii haina waya. Inatumia betri, inaongea na boksi kwa hewa tu. Sitoboi ukuta. Rakini hewa ina mambo mengi, bana. Redio ya porisi ikipita, inaweza kuria bure. Hii ingine ni ya waya. Hiyo ni kutoboa kutoka chumba mpaka chumba, ni kazi ya vumbi. Rakini haidanganyi. Ikiria, jua mrango umefunguka."

Kabura alitaka ya waya. Zachary alikataa, kwa kuwa walikuwa wametoka tu kupaka nyumba rangi. Wakarudi Kitale na ile isiyo na waya.

Kila mlango ulibandikwa kidude chake, na karibu na jiko kikawekwa kisanduku chenye taa ndogo nyekundu, kila mlango na taa yake. Zachary aliagiza iwashwe mchana kutwa. Mtu akitaka kupita, aizime kwanza kwa ufunguo.

Wiki haikuisha kabla haijalia. Kabura alikuwa akichagua maharagwe, redio ikiimba, bintiye Gathoni yuko shule. Taa iliyowaka ilikuwa ya chumba cha nyuma, kile cha kuwekea magunia. Alichukua panga akaenda. Kufuli lilikuwa mahali pake, limefungwa. Alipolishika alilikuta na joto, kama kitu kilichotoka kushikwa na mkono.

Ililia tena, na tena. Daima adhuhuri, daima chumba kile. Zachary akasema ni betri, akabadilisha. Ikalia.

"Si nilisema tuweke ya waya," Kabura alimwambia.

Safari hii Zachary hakubishana. Alimwita Wepukhulu aje abadilishe.

Fundi alifika asubuhi na drili yake, akafunguliwa chumba cha nyuma, akaanza kutoboa ukuta unaokitenga na chumba cha Gathoni. Kabura alitoka nje kuanika nguo, akakawia uani akiongea na jirani yake Jepkosgei. Aliporudi kupitia mlango wa jikoni na kumpelekea fundi kikombe cha chai, Wepukhulu alimtazama, kisha akautazama ukuta, kisha akamtazama tena.

"Mama, umezunguka saa ngapi?"

"Nimezunguka wapi? Nilikuwa kwa nguo."

Fundi aliweka drili chini polepole. "Nimesukuma waya kwa shimo," akanong'ona. "Nikasema, mama, nivutie. Ikavutwa. Nikasema, porepore, isikatike. Ikavutwa porepore."

Walikwenda pamoja chumba cha Gathoni. Hapakuwa na mtu. Ule waya ulikuwa juu ya kitanda cha mtoto, umekunjwa mviringo mzuri, kama anavyokunja mtu mwenye subira.

Wepukhulu aliimaliza kazi upesi. Hata chai hakuinywa. Langoni ndipo alipogeuka. "Sasa hii ni ya waya, mama. Ikiria, usiende kuangaria. Toka nje."

Zachary aliposimuliwa alisema fundi alikuwa na njaa. Usiku huo Kabura alimlaza Gathoni katikati yao, na usiku uliofuata vilevile. Lakini mtoto alinung'unika. Alitaka kitanda chake. Alisema ndicho chenye joto.

Alamu mpya ilinyamaza. Siku zikapita, Kabura akaanza kuvuta pumzi. Kisha Gathoni akashikwa na homa, akabaki nyumbani. Kabura alimpa dawa, akamtandikia kwenye kochi sebuleni, lakini mtoto alilia mpaka mama akachoka. Akamrudisha chumbani kwake, akaacha mlango wazi kidogo, akaiwasha alamu upya kwa ufunguo, akaenda kumkorogea uji.

Mvua ya alasiri ilikuwa ndiyo inaanza. King'ora kikapasuka.

Chumba cha nyuma.

Kabura alisimama na mwiko mkononi. Toka nje, fundi alikuwa amesema. Mlango wa kwenda nje ulikuwa hatua chache tu.

Taa ya pili ikawaka. Ya korido.

Halafu ya tatu. Ya Gathoni.

Alikimbia ndani. Kufuli la chumba cha nyuma lilikuwa sakafuni, mlango wake wazi, magunia yakionekana gizani. Mlango wa Gathoni, aliouacha wazi, ulikuwa umefungwa. Alishika kitasa, akasukuma. Haukufunguka. Haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Ulikuwa umezuiliwa tu. Akisukuma, unasogea kidogo, kisha unarudishwa. Polepole. Bila hasira.

"Gathoni," aliita. "Fungua."

"Siwezi," mtoto akajibu kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu aliyestarehe. "Mama amesema usiingie."

Mwiko ulimponyoka Kabura.

"Gathoni. Mimi ndiye mama."

Kisha minong'ono. Miwili. Mmoja ukiuliza, mmoja ukijibu.

"Mama yuko hapa na mimi," Gathoni akasema. "Wewe ni nani?"

Kabura aliegemeza bega mlangoni akasukuma, akateleza, akasukuma tena. Jepkosgei alikuwa ameusikia mlio, akaingia mbio kupitia jikoni, nguo zikichuruzika maji. Hakuuliza kitu. Aliweka bega lake karibu na la mwenzake.

Mlango uliachiliwa ghafla, wote wawili wakaangukia ndani.

Dirisha lilikuwa limefungwa, na vyuma vyake viko imara. Gathoni alikuwa ameketi kitandani, amegeukia ukuta, mgongo umenyooka, kichwa kimeinama mbele kidogo, kama mtoto anayesukwa. Asubuhi Kabura alikuwa amezichana nywele zake, akaziacha bila kuzisuka. Sasa upande wa kulia ulikuwa umesukwa kwa mistari myembamba iliyonyooka. Upande wa kushoto ulikuwa bado.

"Hajamaliza," Gathoni alilalamika.

Jepkosgei aliigusa ile mistari kwa ncha ya kidole. "Hii ni kazi ya muda mrefu," alinong'ona. Na uji ulikuwa bado haujachemka.

Walimfunika mtoto shuka, wakamtoa mvuani. Zachary alipofika aliambiwa nje ya lango, na kwa mara ya kwanza hakutoa maelezo yoyote. Jioni hiyohiyo walihamia Ndalu kwa kaka wa Zachary, nyumba ya mabati yenye komeo la mbao, isiyo na alamu ya aina yoyote. Nyumba ya Milimani waliiuza bila kulala humo tena.

Kabura alizifumua nywele za bintiye usiku huo, akazikata, akazichoma. Homa ikaisha. Mtoto akarudi kucheza, akasahau, au akanyamaza. Ila ile mistari ilibaki kichwani, ngozi tupu, haioti unywele hata mmoja. Kabura alijifunza kuifunika kwa kitambaa.

Mwezi wa pili wa kukaa Ndalu, alikuwa akimwosha Gathoni kichwa uani, jua likiwaka, kuku wakichakura. Aliusugua upande wa kulia, akahamia wa kushoto. Mkono wake ukasimama.

Kutoka kwenye paji, juu ya sikio la kushoto, palikuwa na mstari mmoja. Mwembamba, umenyooka, ngozi tupu.

Ulikuwa umefika katikati.