Zamu ya Kushika Betri

Daphrose ni fundi cherehani katika soko la Kimironko. Kila jioni binti yake, Uwera, humpitia akitoka shule. Humsimulia ya darasani mpaka wateja wacheke.

Jioni moja Uwera alikuja na habari tofauti.

"Mama, wiki ijayo tunachagua masomo. Sayansi naacha."

"Kwa nini? Si unapata alama nzuri?"

"Napata, ila sijawahi kugusa hata waya. Kwenye majaribio betri iko kwa wavulana, daftari liko kwetu. Mwalimu Révérien anasema wasichana tuna mwandiko mzuri."

Daphrose aliumia. Mwandiko huo alikuwa akiwaonyesha wateja kwa majivuno.

Jirani yao Annah alikuwapo, akijaribu gauni. Kazi yake ni kuwanoa walimu wa sayansi.

"Mama Uwera, niachie mimi," alisema. "Jumamosi nina semina. Nitamwalika huyo mwalimu."

Jumamosi Révérien alifika. Walimu walikaa wawili wawili, kila jozi na betri, nyaya na balbu. Révérien akanyoosha mkono achukue betri, Annah akamzuia.

"Wewe andika tu, Mwalimu. Una mwandiko mzuri."

Révérien aliandika saa nzima. Mwenzake aliunganisha nyaya, akachekelea balbu ilipowaka. Révérien vidole vilimwasha kwa hamu. Mwishowe aliweka kalamu chini.

"Kumbe wasichana wangu ndivyo wanavyokaa," alisema kwa aibu. "Na mimi nilidhani nawasifu."

"Sayansi hujifunzwa kwa mikono," Annah alimwambia. "Wape zamu. Aliyeandika leo, kesho ashike vifaa."

Jumatatu Révérien aliwapa wavulana kalamu, wakanung'unika. Wasichana akawapa betri. Uwera aliunganisha nyaya, balbu ikakataa kuwaka. Akataka kumpa vifaa Kagabo, mvulana wa kundi lake.

"Usimpe," mwalimu alisema. "Tafuta mwenyewe kosa liko wapi."

Uwera alikagua waya mmoja mmoja. Kumbe balbu ilikuwa imelegea. Akaikaza, ikawaka. Alifurahi mpaka akasahau kwamba yuko darasani, akapiga vigelegele.

Jioni alimpa mama yake fomu ya masomo. Daphrose aliisoma polepole: Fizikia, Kemia, Hisabati.

"Wiki iliyopita si ulisema unaacha?"

"Wiki iliyopita nilikuwa sijaigusa, Mama."

Daphrose akasukuma vitambaa kando, akaweka sahihi.