Herufi Moja, Baiti Tatu

Kila Jumatano, wakishamaliza kufagia darasa, wanafunzi wa klabu ya kompyuta mjini Lugang waliandika masimulizi ya wazee wa mtaa na kuyahifadhi katika hifadhidata ya wingu, yaani kwenye kompyuta za mbali. Kazi ya kukadiria nafasi, inayopimwa kwa baiti, ilikuwa ya Pei-shan tangu mwanzo. Jumatano moja Mwalimu Lo akampa kazi hiyo Ya-ching, msichana aliyehamia kutoka Taipei.

"Ala! Bingwa wetu kapumzishwa!" mwanaklabu mwenzao Chun-hao alitania. Pei-shan alicheka, lakini roho ilimuuma kwelikweli.

Ya-ching alihesabu herufi za simulizi moja, akazidisha kwa idadi ya wazee. "Kila herufi inakula baiti moja, Mwalimu. Nafasi itabaki tele."

Pei-shan alijua papo hapo kwamba mwenzake amekosea. Herufi ya Kiingereza ndiyo inayokula baiti moja. Ya Kichina, waliyoitumia wao, hula tatu. Alitaka kusema, kisha akafyata ulimi. "Acha aumbuke," alijisemea. "Si anajifanya anajua?"

Siku ya maonyesho ya kazi za klabu ikafika. Mzee wa mwisho kuandikwa alikuwa Ama, bibi aliyemlea Pei-shan. Ama alivaa bangili yake ya jade, lile jiwe la kijani, akasimulia jinsi alivyosuka mikeka tangu utotoni, na Ya-ching akaandika yote. Alipobonyeza kuhifadhi, kompyuta ikakataa: nafasi imejaa.

"Kumbe hadithi yangu ndiyo haina pa kukaa?" Ama aliuliza taratibu, akaokota mkoba wake.

Ya-ching aliangua kilio. Ile raha aliyoingoja Pei-shan haikuja. Alijawa na aibu tupu.

"Ama, usiondoke! Mwalimu, kosa nililiona zamani. Nilinyamaza kwa sababu nilimwonea gere Ya-ching."

"We Pei-shan!" Ya-ching alifuta machozi. "Si ungeniambia tu?"

"Nisamehe, shoga. Njoo tuhesabu upya."

Walizidisha kwa tatu, wakaona pengo lilivyo kubwa, wakafuta nakala za majaribio zilizorundikana bure. Wakabonyeza tena, na hadithi ya Ama ikaingia. Mwalimu Lo akaahidi kuomba nafasi zaidi kwa ajili ya wazee wa mwaka ujao.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Ama alimshika mjukuu wake mkono.

"Mwanangu, wivu hauchagui wa kumuumiza. Shimo ulimchimbia mwenzako, nikatumbukia mimi."